Bado Anazungumza

Nyumbani kwao Mankulam, kaskazini ya Sri Lanka, walikuwa wakisema Vasuki alizaliwa na midomo miwili, wake na wa kaka yake. Kaka huyo, Yogalingam, ambaye kila mtu alimwita Yoga, alimzidi Vasuki kwa miaka minne na alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kurudiarudia silabi, ambacho watoto hukiigiza wakacheka. Chake kilikuwa cha kufunga. Neno lilifika kooni likagoma, mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakafumba, na aliyekuwa akimngoja hakusikia kitu. Basi Vasuki, tangu alipojua kuzungumza, alimmalizia. Dukani Yoga alisema "Nipe su..." na Vasuki akadakia, "Sukari nusu kilo, na isiwe ile yenye sisimizi." Shuleni alitolewa darasa la chini akapelekwa la juu, amjibie kaka yake kwa mwalimu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Halikuwa hata na jina. Ilikuwa ni Yoga tu.

Vasuki aliolewa na Dayalan akahamia Sydney, mtaa wa Pendle Hill, akapata kazi saloni ya kutengeneza nyusi kwa uzi. Ncha moja ya uzi huibana kwa meno, na Dayalan hupenda kusema hiyo ndiyo kazi pekee duniani iliyoweza kumnyamazisha mkewe.

Yoga alibaki nyumbani akawa fundi wa vigae, fundi mzuri, kazi yake ikisifiwa na watu ambao hawakuwahi kumsikia sauti. Vita vya serikali na wapiganaji wa Kitamili vilikuwa vimekwisha, lakini watu walikuwa bado wanatafutwa. Tajiri aliyempa Yoga kazi nyingi ilisemekana kwamba zamani aliwalisha wapiganaji, na siku moja hakuonekana tena. Baada ya hapo gari jeupe lisilo na namba likamfuata Yoga. Waliomchukua walitaka kujua tajiri wake yuko wapi. Yoga hakujua, lakini hata kutojua kunahitaji maneno, na maneno yalikwama. Kila yalipokwama walisema anaficha, wakampiga. Walipomwachia alikuwa hana meno mawili ya mbele. Hakurudi nyumbani. Alikwenda Madhu, kwenye viwanja vya kanisa ambako watu wa kila dini wamezoea kukimbilia, akalala kwa rafiki mpaka Vasuki alipomtumia mwaliko wa kuja kutembea. Alipofika Sydney aliomba hifadhi.

Idara ya uhamiaji ilimkatalia. Akaenda baraza la rufaa, na huko nako, baada ya kungoja sana, akakataliwa. Vasuki ndiye aliyeusoma uamuzi huo, mezani jikoni, akiutafsiri kifungu kwa kifungu. Alipofika katikati sauti ikampungua.

"Wanasemaje?" Dayalan akauliza.

"Wanasema, 'Mwombaji alikuwa akinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kujibu hata maswali mepesi. Kwa maoni yangu, alikuwa akitunga majibu.'"

Dayalan akashusha kikombe chake. "Shemeji? Atunge? Huyu akitaka chumvi mezani anainuka kuichukua mwenyewe."

Yoga hakucheka. Alitaka aonyeshwe mstari wenyewe, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma mifuko ya saruji. Akaweka kidole juu yake.

"Wa-wale wa gari jeupe," alisema, "nao wa..."

"Walisema hivyohivyo," Vasuki akamalizia.

Yoga akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa.

Njia iliyobaki ilikuwa mahakama. Huko Parramatta palikuwa na ofisi ya mawakili wanaosaidia bure, na foleni yake ilitoka nje ya mlango. Waliyempata ni wakili kijana, Bridie, nywele zimefungwa kwa kalamu, ambaye aliwaambia mapema kwamba hataweza kusimama nao kortini kwa kuwa mafaili aliyokuwa nayo yalikuwa yamemfika shingoni. Angeweza kuwasaidia kuandika ombi, na kuwaeleza mambo yalivyo.

"Kitu cha kwanza," alisema, "mahakama haitauliza kama Yoga anasema kweli."

"Sasa itauliza nini?" Vasuki akashangaa. "Tunaenda kule kufanya nini, kunywa chai?"

"Itauliza kama waliomkatalia walifuata sheria. Jaji hawezi kumpa visa. Akiona baraza lilikosea kisheria, anaufuta uamuzi na kuwaambia wasikilize upya. Basi."

"Na kama walikosea kwa ujinga tu?"

Bridie alitabasamu kwa uchovu. "Ujinga peke yake hautoshi, Dada." Neno hilo la dada alikuwa amelipata kwa Watamili waliomzoea. "Siku ya baraza mlikuwepo mle chumbani?"

"Yeye alikuwepo. Mimi niliambiwa ningoje nje, kwa sababu nilikuwa shahidi. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mji mwingine."

Bridie akaacha kuandika. "Kwenye simu? Kwa hiyo hakuwa akimwona?" Akamtazama Yoga, aliyekuwa amekaa mikono magotini. "Ombeni kanda ya siku ile. Isikilizeni yote, neno kwa neno."

Waliisikiliza Jumapili mchana, baada ya kutoka hekaluni, vyombo vya chakula vikiwa bado mezani. Dayalan aliileta spika yake kubwa ya sherehe. Yoga alikaa pembeni, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Mwanzoni sauti ya mwamuzi wa baraza ilimkaribisha Yoga, ikamuuliza kama yuko tayari na kama kuna jambo lolote angependa kusema kabla ya kuanza. Ikasikika sauti ya mkalimani, ya chuma kidogo, ikitafsiri. Kisha ya Yoga.

"Ndiyo. Ni-nina ki..."

Kimya. Mle ndani ya kimya, ukitega sikio, palikuwa na pumzi inayosukumwa.

"Anasema ana wasiwasi kidogo," mkalimani akasema kwa Kiingereza.

"Ni kawaida," mwamuzi akajibu kwa upole. "Mwambie asijali."

Vasuki akasimamisha kanda. Dayalan, aliyekuwa akichambua mifupa ya samaki, akaacha.

"Ulikuwa unataka kusema una kigugumizi," Vasuki alisema.

"E-ee."

"Ulisema."

"Nili... nilisema."

Vasuki akaiacha kanda iendelee, na kadiri ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kuinamia meza. Mkalimani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, aliyekaa mahali asikomwona Yoga, akidhani simu inakatika. Yoga alipoulizwa alikwenda wapi baada ya kuachiwa, alisema "Ma-ma..." na mkalimani akamalizia "Mannar." Baadaye mwamuzi alipouliza alifanya nini Mannar, Yoga, kwa jasho, alifaulu kusema hakuwa Mannar, alikuwa Madhu. Basi ikaandikwa kwamba mwombaji amebadilisha maelezo yake. Alipoulizwa waliomkamata walikuwa wangapi alisema "Wa-wa..." na mkalimani akampa "wanne", kisha Yoga akasema "wawili", nayo ikahesabiwa badiliko la pili. Palikuwa na mahali alipojaribu kusahihisha, na mkalimani akamwambia kwa Kitamili, "Ngoja kaka, swali limeshapita."

Ilipofika mwisho, Vasuki alizima spika. Dayalan alimtazama mkewe, akatazama spika, akainuka kukusanya sahani. Vasuki hakuwa na hasira kwa yule mkalimani. Alikuwa ameitambua ile namna. Ile haraka ya kumwokoa mtu na neno lake mwenyewe aliijua vizuri kuliko yeyote mle nyumbani.

Bridie alisema kanda peke yake haitoshi, atafutwe mtafsiri wa kuaminika aiandike na kuiapia. Wakampata Mzee Sabanathan wa Wentworthville, aliyesoma habari kwa Kitamili redioni kwa miaka mingi na sasa alikuwa mtafsiri wa hati. Alikaa na kanda ile wiki nzima. Vasuki alipoifuata kazi, mzee alimpokea mlangoni kwa miwani miwili, moja machoni, nyingine kichwani.

"Mimi, binti yangu, nimefanya redio," alisema. "Redioni kimya ni msiba. Mtu akinyamaza tunaruka kuweka muziki. Lakini hii ya kaka yako nimeisikiliza kwa zile spika za masikioni. Hanyamazi huyu. Kila mahali palipo wazi nimeandika 'mwombaji anaendelea kujaribu kutamka', kwa sababu ndicho ninachokisikia, na ndicho nitakachokiapia."

Vasuki akaondoka na karatasi zile amezikumbatia. Ndani ya treni alikuwa ameshaanza kupanga hotuba. Angeanza kwa heshima, angemweleza jaji habari za gari jeupe, za Madhu, za sukari ya dukani ikibidi. Jioni ile alimsomea Yoga alichoandika. Yoga alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni nzuri," alisema. "La-lakini nitasema mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kaka, huyo ni jaji. Si mwenye duka. Watakupa dakika chache, utakwama, watasema tena hayohayo. Mimi nakujua unachotaka kusema."

"U-unajua."

"Basi?"

Ilimchukua muda, na kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa wadogo alimwinulia dada yake kiganja, ili asimalizie. "Ukisema wewe," alisema, "ja-jaji atakusikia wewe."

Vasuki alikasirika, siku mbili akampakulia chakula bila maneno, jambo lililomtisha Dayalan kuliko kesi yenyewe. Kisha akachukua hotuba yake, akaikata ikawa mistari michache, kwa maneno ambayo Yoga aliyachagua mwenyewe, akampa.

Yoga aliifanyia mazoezi kazini. Wakati ule alikuwa akitandika vigae kwenye bafu la nyumba mpya huko Blacktown, chini ya bosi mmoja Mlebanoni aliyeitwa Tannous, mtu mnene mwenye roho safi na matusi mengi. Tannous alikuja kuchungulia mlangoni.

"Yoga. Miaka mitatu hujanipa hata habari ya asubuhi, leo unahutubia ukuta?"

Yoga akamweleza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba anakwenda kortini. Tannous alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, jambo lisilokuwa jepesi kwake. Kisha akamwambia, "Basi hutubia. Ukuta huu haujalipiwa, utakusikiliza," akaenda kuzima redio yake ili Yoga ajisikie.

Siku ya kesi walipanda lifti ya jengo refu la mjini, wote watatu wamevaa vizuri, Yoga kwa suti ya harusi ya Dayalan iliyombana mabegani. Nje ya chumba cha mahakama walikuwako watu wengine wengi wanaongoja kesi kama yake: Wahindi, Wamalesia, mama mmoja wa Kiafghani na binti zake. Mkalimani wa siku ile alikuja kujitambulisha kwa ruhusa ya karani. Alikuwa mama wa makamo kutoka Madurai, mji wa Watamili wa upande wa pili wa bahari, kwa jina Thilaka, amevaa sari ya kijivu na viatu vya michezo. Alimuuliza Yoga jina lake na kijiji chake ili aizoee sauti yake. Yoga akakwama kwenye Mankulam. Thilaka hakuinamisha uso wala hakumsaidia. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke, na neno lilipotoka akasema, "Sawa. Nimekuelewa."

Jaji Prendergast alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizokatwa fupi, anayezungumza polepole. Upande wa pili alikaa wakili wa Waziri wa uhamiaji, Bwana Hallam, kijana mrefu aliyepanga karatasi zake kwa rangi. Kabla ya yote Vasuki alisimama akaomba kumsemea kaka yake.

"Wewe ni wakili?" jaji akamuuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni dada yake."

"Unaweza kukaa karibu naye ukamsaidia kwa karatasi. Kuzungumza, hapana. Isipokuwa mwenyewe anaomba uzungumze."

Thilaka akatafsiri. Macho yote yakamgeukia Yoga, na Vasuki akamtazama kwa matumaini ya mwisho.

"Ha-hapana," Yoga alisema. "Ahsante."

Vasuki akakaa, akaibana mikono yake chini ya mapaja.

Jaji alimweleza Yoga mambo yaleyale ya Bridie: kwamba siku hiyo hawezi kuamua kama anastahili hifadhi, anachotafuta ni kosa la kisheria. Akamuuliza kama ameelewa, Yoga akajibu ndiyo. Kisha akamwambia aeleze kosa ni nini.

Yoga alisimama. "Mheshimiwa Jaji," alisema, "siku ile ba-barazani nilisema nina..."

Likafunga. Shingo ikamsimama, macho yakafumba, mkono mmoja ukashika ukingo wa meza. Chumbani pakabaki sauti ya kipoza hewa. Bwana Hallam alitazama karatasi zake, kisha, kwa kutojua pa kutazama, akatazama tena. Vasuki aliliona lile neno wazi kabisa mbele ya macho yake kana kwamba limeandikwa ukutani. Ulimi wake ukaenda kulichukua wenyewe. Akauma meno.

Jaji akasubiri. Akasubiri zaidi. Kisha akamgeukia mkalimani, akauliza kwa sauti ya chini, "Amemaliza?"

"Hapana, Mheshimiwa," Thilaka akajibu. "Bado anazungumza."

Jaji akaitikia kwa kichwa, akaweka kalamu chini.

"...ki-gugumizi," Yoga alisema, akavuta pumzi kwa nguvu.

"Siku ile barazani nilisema nina kigugumizi," Thilaka akatafsiri, bila kupunguza wala kuongeza.

"Endelea," jaji alisema. "Hatuna haraka."

Haikuwa kweli, nje watu walikuwa wakingoja, lakini aliisema kama mtu anayemaanisha, na Yoga akaendelea. Alisema mistari yake yote. Alisema aliulizwa kama ana la kusema, akalisema, na halikufika. Alisema alisahihisha, na usahihisho haukutafsiriwa. Jambo ambalo Vasuki angelimaliza kabla hata kiti hakijapata joto lilichukua muda mrefu sana, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyekohoa. Katikati yake Vasuki aligundua kwamba ameacha kuuma meno. Alikuwa anasikiliza. Kaka yake alikuwa na namna yake ya kupanga sentensi, nzito na ya moja kwa moja, kila neno limekaa sawa na jirani yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kuijua kwa sababu hakuwahi kuiacha ifike mwisho.

Bwana Hallam aliposimama hakuwa na maneno makali. Alisema mwombaji hakuwahi kuliandikia baraza habari za kigugumizi, na mwamuzi hawezi kulaumiwa kwa jambo asiloambiwa. Alisema pia kwamba makosa ya tafsiri yalikuwa madogo. Madhu, alisema, imo ndani ya wilaya ya Mannar, kwa hiyo mkalimani hakupotoka sana.

Jaji akavua miwani. "Kama ni mahali pamoja, Bwana Hallam, mbona baraza lilimwona mwongo kwa kutaja majina mawili?"

Hallam akapekua karatasi zake za rangi. Dayalan, aliyekuwa nyuma, alikohoa kwa namna ambayo Vasuki aliijua kuwa ni kicheko.

"Umeisikiliza kanda yenyewe?" jaji akaendelea.

"Nimesoma maandishi ya Bwana Sabanathan, Mheshimiwa. Kanda... sikuisikiliza."

"Basi tuisikilize pamoja."

Ikachezwa sehemu ya mwanzo. Sauti ya Yoga ilitoka kwenye spika za mahakama, "Nina ki..." kisha pumzi, kisha yule mkalimani wa simu na wasiwasi wake kidogo. Jaji aliomba irudiwe. Hallam alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipokwisha aliomba nafasi ya kutoka kupiga simu, akapewa. Aliporudi alikuwa mwekundu masikioni.

"Mheshimiwa," alisema, "maagizo niliyonayo ni kuendelea kulipinga ombi hili, na ninaendelea. Lakini kuna hoja moja ninaiondoa. Niliandika kwamba mwombaji alipewa nafasi ya kusema akachagua kukaa kimya. Siwezi kuendelea kuisema hiyo baada ya nilichosikia."

Vasuki hakutarajia kumheshimu mtu yule. Alimheshimu.

Yoga ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Jaji alimuuliza kama ana la kujibu. Hili halikuwamo kwenye karatasi, Vasuki hakuwa na habari nalo, naye Yoga alisimama bila kushika meza.

"Kwenye ka-kanda," alisema, "pale pasipo na sauti." Akakwama. Thilaka akasubiri, jaji akasubiri, Hallam naye akamgeukia kabisa, akasubiri. "Pale nilikuwa nazungumza. Sio... sio kwamba nilikuwa natafuta uongo. Nilikuwa nazungumza. Leo siombi uniamini. Naomba ni-ni..." na hapo likafunga kuliko yote, mpaka machozi ya nguvu yakamtoka pembeni mwa macho, na bado hakukaa, bado hakubadilisha neno akachukua jepesi, ingawa Vasuki alijua kwamba angeweza. Alilitaka hilohilo. "...nisikilizwe mpaka mwisho."

Thilaka akalitafsiri, na sauti yake ikamtikisika kidogo tu, akaituliza.

Jaji alisema ataandika uamuzi wake. Ulikuja miezi mingi baadaye, wakati wa baridi, na ulisomwa kwa sentensi chache: uamuzi wa baraza umefutwa, shauri lirudi barazani likasikilizwe upya na mtu mwingine. Vasuki alimpigia Bridie simu hapohapo kwenye korido.

"Kwa hiyo amepata visa?"

"Hapana, Dada. Amepata kusikilizwa."

"Tumeshinda au hatujashinda?"

"Mmeshinda," Bridie alisema, na Vasuki akamsikia akiwapigia kelele wenzake ofisini. "Unajua watu wangapi wanashinda bila wakili?"

Sababu za jaji ziliandikwa baadaye kwa urefu. Vasuki alizitafsiri usiku kucha wa Ijumaa na mchana wa Jumamosi, akamsomea Yoga. Palikuwa na mahali ambapo jaji aliandika kwamba kusikilizwa si kupewa kiti na saa, na kwamba mwombaji aliyekuwa akijitahidi kutamka alichukuliwa kuwa amenyamaza, hivyo hakuwahi kupewa ule usikilizwaji ambao sheria inauamuru. Yoga aliomba kifungu hicho kirudiwe. Akaomba tena. Mara ya tatu Vasuki alimpa karatasi ashike, naye akaweka kidole juu ya mstari.

Baraza lilimwita tena majira ya joto. Safari hii mkalimani alikaa chumbani, mapumziko yaliwekwa, na mwamuzi mpya, mzee wa Kigiriki, alianza kwa kumwambia Yoga kwamba ametenga siku nzima na hatoki kabla hajamaliza. Vasuki alikaa nje na chupa ya chai na mfuko wa vadai, zile bajia za dengu za kwao, akala vadai zote mwenyewe kwa wasiwasi. Yoga alitoka saa za jioni, sauti imekauka, njaa imemuuma, akatazama mfuko mtupu.

"Hata mo-moja?"

"Nilikuwa na roho juu, kaka. Twende nikununulie."

Jibu lilifika Vasuki akiwa saloni. Alilisoma mara mbili, akamwacha mteja na nyusi moja, akaendesha gari mpaka nyumba ya ghorofa huko Schofields ambako Tannous na mafundi wake walikuwa kazini siku zile. Alimkuta Yoga amepiga magoti jikoni, gundi ya vigae imeshatandazwa sakafuni kwa upana wa mlango.

"Kaka. Wamekubali. Wamekupa hifadhi."

Yoga aliinua kichwa akamtazama. Kisha akatazama sakafu.

"Gundi i-itakauka," alisema.

Basi Vasuki akasimama mlangoni na viatu vyake vya saloni, akangoja. Yoga akaweka kigae, akakigonga kwa kipini cha nyundo ya mpira, akaweka kinachofuata. Aliendelea hivyo mpaka safu ikafika ukutani. Akapangusa gundi iliyobaki, akainuka, akanawa mikono kwenye ndoo hadi viwiko. Ndipo akakaa juu ya mfuko wa saruji akalia, kwa sauti, mabega yakiruka. Vasuki akakaa kando yake juu ya mfuko mwingine, sari yake yote ikawa vumbi. Chini, Tannous alizima mashine ya kukatia vigae, akapanda ngazi akihema.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna," Vasuki akamwambia. "Amepewa kukaa."

Tannous akavua kofia, akamshika Yoga kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini, akamtukana baba yake kwa furaha.

"Kesho usije," alisema. "Pumzika."

"Kesho na-nakuja," Yoga alijibu, akipangusa uso kwa mkono wa shati. "Bado chumba cha kufulia."